Kamba ya Kichwani ya Mzee Finlay

Achgarve,
Njia ya Halkirk,
Caithness, Uskoti.

14 Machi 1983

Mpendwa mwanangu Netta,

Wote wanaisimulia vibaya hadithi ya ile kamba. Hughina anaisimulia vibaya, wazee wa baa ya Halkirk wanaisimulia vibaya, na ninyi huko Nyuzilandi mnaisimulia vibaya kuliko wote, ingawa ninyi mna udhuru, mko mbali. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, na mama yangu angekuwa hai angenipiga kijiko cha uji kichwani kwa kukosa adabu. Basi ngoja nirudi nyuma nikusalimu kama mtu aliyelelewa.

Hujambo, mwanangu? Colin mumeo hajambo? Na hao kondoo wenu wasiohesabika, wote hawajambo? Mimi mzima, ukiitoa nyonga ya kushoto, ambayo imestaafu kabla yangu. Daktari wa Thurso anasema niipumzishe. Nimemwambia aanze kupumzika yeye, ndiye anayeonekana kuchoka. Baridi ya mwaka huu ilikuwa ya kung'ata. Theluji imetoka mashambani juzi tu, na upepo wa kaskazini unapita ndani mwangu kama ndio mwenye nyumba.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, na picha ndani. Umependeza. Ila hiyo kofia, nilidhani umepigwa picha chini ya paa la banda. Nimeiweka juu ya meko. Hughina, binamu yangu upande wa mama, ambaye huja kila Jumanne kukagua kama nimekufa, anasema una pua ya kina Bremner. Nimemwambia akuombee.

Pole sana kwa msiba wa baba yako. Eric na mimi tulikuwa wa rika moja, wajukuu wa ndugu wawili, na hatukuonana hata siku moja. Hilo ni kosa langu kuliko lake. Nitakueleza mbele, nikishapata ujasiri.

Unisamehe pia kwa kukaa miezi miwili na nusu bila kujibu. Mkono wangu ni wa nyundo, si wa kalamu. Shule niliacha na miaka kumi na mitatu, na hata hiyo niliyosoma, sehemu kubwa nilikuwa nimesimamishwa nje ya mlango. Lakini usidhani nilikuwa nimelala. Nimefanya kazi ya upelelezi ambayo polisi wote wa Wick wakikusanywa hawaiwezi, na humu ndani hutakuta neno hata moja la kutunga.

Sasa hilo uliloniuliza. Umeuliza kwa adabu, lakini swali ni zito. Umetaka kujua kama ni kweli Gilbert Bremner, babu wa baba yako, aliiachia kamba akamwangusha baba yake kaburini. Na kama si kweli, je, jina lake linaweza kuchongwa kwenye jiwe la ukoo hapa nyumbani, maana Eric alikata roho akilitaka hilo tu. Umeniambia alikuwa mtoto wa miaka minane pale mzee mmoja mhamiaji wa Caithness alipomwambia mbele ya watu, kwenye mnada wa kondoo, "Ala! Wewe ndiye mjukuu wa yule aliyemtupa baba yake?" Kwamba hakulisahau mpaka kufa. Niliposoma hapo niliiweka barua chini nikaenda kutazama nje, wala nje hakukuwa na kitu.

Huko kwenu sijui mnazikaje. Hapa jeneza linashushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mtu wake. Fundi seremala aliyelitengeneza ndiye anayesimama na orodha, anaita majina. Ya kichwani ni ya mtoto mkubwa wa kiume, ya miguuni ni ya anayemfuata kwa ukaribu, nyingine za ubavuni. Watu wamenuniana miaka ishirini hapa kwa sababu ya kupewa kamba ya tano badala ya ya tatu. Ukitaka kujua nani ni nani katika ukoo wa Caithness, usiulize sebuleni. Nenda kaburini ukaangalie mikono.

Hadithi ya huku inakwenda hivi. Mzee Finlay Bremner, mpasua mawe, alifariki Februari 1868. Gilbert, mwanawe mkubwa, akapewa kamba ya kichwani. Lakini alikuwa na kinyongo, maana nyumba ameachiwa Magnus, mdogo wake. Jeneza lilipofika katikati ya shimo, Gilbert akaiachia kamba makusudi. Mzee Finlay akatangulia kichwa. Gilbert akageuka, akatoka makaburini moja kwa moja mpaka bandarini, akapanda meli, hakuaga hata mama yake. Ndiyo maana jiwe halina jina lake.

Na bingwa wa kuisimulia nilikuwa mimi. Usitafute mwingine. Nilikuwa naigiza mpaka kishindo cha jeneza, napiga ngumi mezani, dum! Glasi zinaruka, wageni wanashika vifua, halafu mtu ananiagizia wiski. Miaka arobaini nimekunywa kwa jeneza la mzee Finlay.

Jiwe lenyewe ni bamba la machimbo yetu, limepasuliwa na babu yangu Magnus kwa mkono wake. Limeandikwa Finlay Bremner, kisha mkewe Barbara Oag, kwa jina la kwao kama ilivyo desturi. Halafu watoto wao, Magnus, Donald aliyefariki mdogo, na Janet. Chini imebaki nafasi ya mstari mmoja tu. Nafasi hiyo naijua vizuri, nimeipima kwa vidole mara nyingi. Ilikuwa yangu. Sikuoa, sina mtoto, mimi ndiye Bremner wa mwisho katika parokia hii, na kiwanja kile cha kaburi ni mali yangu. Nilijua jina langu litafunga jiwe.

Basi Januari nikaanza kukuandikia jibu la kukataa, kwa maneno matamu. Nikalibeba hadi kwa Hughina anisikilize kama linanoga. Alikuwa anamenya turnipu kwa ajili ya supu. Ana miaka sabini na tisa, na kisu mkononi mwake kinaogopesha.

"Hao watoto wa Finlay uliowaandika hapo, nisomee," akasema.

"Gilbert, Magnus, Donald, Janet."

"Rudia."

"Gilbert, Magnus, Donald, Janet. Masikio yameingia maji?"

"Baba yake Finlay alikuwa nani?"

"Magnus Bremner. Hata kuku wako wanajua."

"Na baba yake Barbara?"

"Donald Oag wa Spittal."

Akaweka kisu chini. "Sinclair, una miaka themanini, unajisifu unalijua kila jiwe la Caithness. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la nani?"

"La babu mzaa baba."

"Wa pili?"

"La babu mzaa mama."

"Haya, bingwa. Huyo Gilbert ni wa nani?"

Netta, niliirudia karatasi yangu kwa kidole. Ujue, kwetu hilo halikosewi. Mtu anaweza kusahau kufunga zizi, anaweza kusahau siku ya ndoa yake, lakini hawezi kuruka jina la baba yake kwa mtoto wa kwanza. Kaka yangu, Mungu amlaze pema huko Ufaransa, aliitwa Magnus kwa babu yetu mzaa baba. Mimi ni Sinclair kwa baba wa mama. Tunajipanga kama viatu mlangoni. Na Finlay alikuwa na Magnus wake na Donald wake, kwa zamu yao kabisa, kama vile yule Gilbert aliyewatangulia hakuwemo. Orodha hiyo nimeitamka maisha yangu yote, na masikio yangu hayakushtuka.

"Labda walilipenda tu jina," nikasema.

"Mwaka 1838? Walikuwa hawapendi, walikuwa wanafuata zamu. Nenda kamuulize mchungaji kitabu."

Kwa hiyo nikaenda, kishingo upande. Mchungaji wetu siku hizi ni mwanamke, Elspeth Rennie, binti wa Paisley, anaendesha gari kama anafukuzwa. Katika sanduku la bati la kanisa kuna vitabu vya baraza la wazee, yale mashauri yao ya zamani ya nani kalewa, nani kafua nguo Jumapili. Mwandiko wa humo ni kama kuku kapita. Mimi sikuweza kusoma hata mstari. Yeye akavaa miwani, akapitisha kidole, ukurasa baada ya ukurasa, chai ikapoa, ikaletwa nyingine nayo ikapoa.

"Huyu hapa," akasema. "Barbara Oag. Mtumishi wa shamba. Hana mume." Akaninyanyulia macho. "Mzee wangu, niendelee?"

"Endelea. Mimi si bibi harusi."

Akanisomea. Kwamba Barbara Oag, mjamzito, aliitwa mbele ya wazee akaulizwa baba wa mtoto ni nani. Akamtaja Gilbert Wares, mpasua mawe, aliyeangukiwa na jiwe machimboni mwezi wa tano, wiki mbili kabla ya ndoa yao kutangazwa. Wazee wakaandika kwamba marehemu hawezi kuthibitisha. Wakaamua Barbara asimame mbele ya kanisa zima akaripiwe, Jumapili tatu.

"Tatu," nikasema.

"Tatu. Na kigoda alichokalia akingoja zamu yake bado kipo. Tunawekea maua." Akafunua ukurasa. "Nitayatafutia hayo maua mahali pengine."

Mtoto hakubatizwa, hakuwa na baba wa kumsimamia. Miaka mitatu mbele, ukurasa mwingine. Finlay Bremner, kapera, mpasua mawe, amefika mbele ya wazee kuomba mtoto wa Barbara Oag abatizwe, na aandikwe kwa jina la ukoo wake, kwa kuwa anamwoa mama. Wazee wakamuuliza, je, mtoto huyu ni wako? Jibu lake wameliandika.

"Atakuwa."

Mchungaji akalisoma mara mbili.

Sasa nitakwambia ukweli wa moyo wangu, hata kama hautanipamba. Niliporudi nyumbani nilijisikia nafuu. Nikasema, kumbe! Kumbe hakuwa damu yetu, ndiyo maana akaangusha. Nikaona jibu langu la kukataa limepata mguu wa kusimamia. Kesho yake nikaenda kwa Francis Sutherland nikitafuta kumalizia ushahidi wa upande wangu.

Francis ni seremala. Baba yake alikuwa seremala, na babu, na baba wa babu, na wote wametuzika. Aliponiona mlangoni akachukua futi ya kupimia. "Karibu, mzee Sinclair! Umekuja kupimwa?"

"Bado nakua. Rudi kwenye mbao zako. Mna daftari la kamba la mwaka 1868?"

Wana madaftari yote, juu ya kabati, chini ya mikebe ya gundi. Kila mazishi yana ukurasa wake. Jeneza limechorwa kama kisanduku, kamba nane pembeni, kila kamba na jina, maana fundi hawezi kuamini kichwa chake siku kama hiyo. Francis akapuliza vumbi, akafungua. Halafu akaligeuza daftari upande wangu, akanisomea kwa kidole, polepole, kama anavyomsomea mtu wosia.

Kichwani pameandikwa Gilbert. Pembeni, kwa herufi ndogo, kwa neno la Finlay mwenyewe. Juu ya jina hilo umepita mstari, wino umetawanyika kana kwamba kalamu ilibanwa kwa nguvu. Juu yake limeandikwa Magnus. Na chini kabisa ya ukurasa, baba wa babu yake Francis ameandika haya, nami nimeyanakili kama yalivyo: Mdogo amemkataa kaka yake kaburini, mbele ya watu. Amesema si damu. Nimempa mdogo ili mazishi yaendelee. Gilbert hana kamba.

"Hesabu," Francis akaniambia.

Nikahesabu. Majina manane, Magnus kichwani, mjomba miguuni, majirani na mabinamu ubavuni. Nikahesabu tena, nikianzia upande mwingine, kama mjinga.

"Mzee Sinclair," akasema, taratibu sana, "mtu asiye na kamba anaangushaje jeneza?"

Nilimwomba maji.

Huyo Magnus ndiye aliyenifundisha mimi kazi, Netta. Ndiye aliyenionyesha namna ya kusikiliza bamba kabla ya kulipasua, unaligonga unangoja likwambie litafunguka wapi. Hakuna aliyepasua jiwe kama yeye katika kaunti hii, isipokuwa mimi. Nilimpenda, na sasa hivi nampenda, na mkono unaoandika barua hii ni ule alioushika yeye. Hakuwahi kusimulia kwamba Gilbert aliangusha. Nimejikumbusha vizuri, hakuwahi. Aliwaacha tu watu waseme, yeye akaendelea kula.

Lakini kuna kitu. Mwaka 1919 alifariki baba yangu mdogo, mtoto wa huyo babu Magnus. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilishika kamba ya tano. Marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo fundi akamwita babu kichwani. Babu akasema, "Nipe ya miguuni." Fundi akamwambia, "Mzee, huyu ni mwanao." Akajibu, "Nimesema miguuni." Na ilikuwa hivyo kila mazishi, hata ya mkewe. Tangu mwaka 1868 hakushika tena kamba ya kichwani ya mtu yeyote. Watu walimsifu. Mchungaji wa wakati ule alimtaja mimbarini kama mfano wa unyenyekevu, na babu akatoka nje kabla ya wimbo. Tulidhani ana kikohozi.

Basi hii ndiyo simulizi iliyo sawa, ukaisimulie hivi huko kwenu.

Ilikuwa Februari, ardhi imeganda. Wanaume peke yao makaburini, kama ilivyokuwa enzi hizo, Barbara amebaki nyumbani na wanawake. Fundi akaita, "Gilbert, kichwani." Gilbert, miaka ishirini na tisa, akasogea akanyoosha mkono. Magnus, miaka ishirini na minne, akasema Gilbert asishike, si damu ya Finlay. Mbele ya parokia nzima. Wapo pale waliomwona Barbara akisimama zile Jumapili tatu, na wote kwa heshima ya Finlay walikuwa wamenyamaza miaka thelathini kasoro. Hapakuwa na mmoja aliyefungua mdomo kumtetea. Gilbert akavua kofia akarudi nyuma, kati ya majirani. Jeneza likashuka sawasawa, bila kishindo chochote. Kile kishindo ni ngumi yangu.

Watu walipokwenda kunywa na kula jibini, Gilbert alibaki. Alichukua vile vipande vya majani vilivyokatwa pamoja na udongo wake kabla ya kuchimba, akavipanga juu ya kaburi kimoja kimoja, akavibana kwa viganja mpaka maungio yakapotea. Halafu akaenda nyumbani kwa mama yake. Na hakukimbilia meli siku ile. Karatasi ya meli uliyonitumia wewe mwenyewe inasema Mei. Alikaa miezi mitatu chini ya paa moja na ndugu yake, akimkatia mama ule udongo mweusi tunaouchoma hapa kama kuni, wa kumtosha mwaka mzima, maana ile ngazi iliyobaki ulipokatwa kule bondeni mpaka leo tunaiita ya Gilbert, na mimi nimeipita miaka themanini bila kuuliza.

Sasa lile nililosema nitalieleza nikipata ujasiri. Mwaka 1949 baba yako aliniandikia. Barua nzuri, fupi, aliomba hili hili. Nilimjibu mistari mitatu. Nilimwambia jiwe limejaa. Halikuwa limejaa. Hakuandika tena, na sikumlaumu. Nakuomba msamaha wewe kwa kuwa yeye siwezi tena kumwomba, na ukiona haufai kutolewa, usiutoe. Mimi nitaelewa.

Mwisho wa Februari, baridi ilipolegea, nilichukua nyundo na patasi zangu nikaenda makaburini. Kuliwahi kuwa na mtu ambaye angechonga mstari ule asubuhi moja huku akipiga mluzi, na mtu huyo ni mimi. Safari hii ilinichukua siku nne. Mkono unatetemeka, na bamba letu halisamehe. Ukikosea pigo, tabaka zima linabanduka na herufi zako zote. Mchungaji alileta chai. Hughina alishika mwavuli na kunitukana.

"Imepinda hiyo."

"Wewe ndiye uliyepinda. Simama sawa."

"Utaandika Wares au Bremner?"

Hilo lilikuwa limeninyima raha wiki nzima. Mchungaji alikuwa upande wa Wares, anasema yule kijana aliyekufa machimboni naye alikuwa mtu, na ni haki yake. Hughina alikuwa upande wa Bremner, anasema mtoto ni wa aliyemlisha. Walibishana juu ya kichwa changu mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye matope na nyonga yangu. Mwisho nilichonga kama walivyochongwa wenzake, ambao hawana jina la ukoo pale chini, ni watoto tu. Inasomeka hivi, katika mstari ule mmoja: GILBERT, MWANA WAO MKUBWA.

Nafasi imekwisha. Hughina aliuliza mimi nitaandikwa wapi sasa. Nikamwambia, mahali popote, wananijua wote. Akasema kaburi langu litakuwa mara ya kwanza kwangu kunyamaza mbele ya watu. Kisha akanishika mkono kunivuta nisimame, na hakuuachia mpaka getini. Amesahihisha pia lile la pua. Anasema ni ya Barbara Oag, na kwa hiyo na mimi ninayo.

Umeniambia majivu ya Eric yapo kwako, kwenye kabati, na hujui uyapeleke wapi. Ukitaka kuja nayo Agosti, kiwanja ni chenu. Nimeshazungumza na Francis. Kwa kasha dogo kama lile huwa anaweka kamba nne. Ya kichwani ni yako. Siku hizi wanawake wanashika, na asiyetaka aje aniambie mimi. Francis ameshaandika ukurasa, nimeuona kwa macho yangu, jina lako liko juu na halina mstari. Mimi nitashika ya miguuni.

Nisalimie Colin, na dada yako Avis, na shangazi yako Myrtle, umwambie nimesikia bado anaendesha trekta na ninamwogopa. Hughina anakusalimu, mchungaji anakusalimu, Francis anakusalimu na anauliza una kimo gani, usimjibu. Mungu awatunze ninyi na mifugo yenu, awape mvua ya kutosha na awalete salama upande huu wa dunia.

Ni mimi, baba yako mdogo, niliyechelewa kukupenda lakini nakupenda,

Sinclair Bremner

Netta, nilikuwa nimeshafika posta. Nimeirudisha bahasha nyumbani na kuifungua kwa mvuke wa birika. Pale mwanzoni nilikuahidi hakuna neno la kutunga. Lipo moja. Yale majani ya kaburi, kwamba Gilbert alibaki akayapanga kwa mikono yake, hayamo katika daftari la Francis, wala katika kitabu cha kanisa, na hakuna mtu aliyewahi kunisimulia. Daftari linaishia pale kwenye "Gilbert hana kamba." Nimekaa na maneno hayo wiki tatu nikijaribu kuyaandika hivyo hivyo, nikashindwa kumwacha kijana wa watu amesimama pale mikono mitupu. Ukiisimulia kwa watoto, hapo pafute. Mimi sikuweza.